Kazi Isiyohifadhiwa Haijakamilika

Ufundi wa kuchora kwa kompyuta umewafikia watu wengi. Mabango ya mikutano, lebo za bidhaa, majalada ya vitabu, kadi za harusi na vielelezo vya masomo hutengenezwa siku hizi kwa programu za usanifu wa michoro. Mwanafunzi wa sekondari apatapo nafasi ya kukaa mbele ya kompyuta hujifunza upesi kuchora umbo, kulijaza rangi, kupanga herufi na kuweka picha juu ya picha. Lakini jambo moja, ambalo ndilo liamualo kama kazi yake itaonekana kesho, aghalabu hutajwa kwa dakika mbili tu mwisho wa kipindi, kengele ikiwa imekwisha kulia. Jambo hilo ni namna ya kuhifadhi.

Matokeo yake yanajulikana. Siku ya kukusanya kazi faili halifunguki. Au lafunguka likiwa na nusu ya picha, na nusu ya pili ni kijivu kitupu. Au programu yatangaza kwamba haiwezi kuhifadhi, kisha yajifunga. Hapo husikika maelezo ya kila namna: kompyuta ina virusi, mashine imechoka, ni bahati mbaya. Mwanafunzi huanza upya au hupewa sifuri, na hakuna aliyejifunza lolote.

Hali hiyo haifai katika shule inayofundisha sayansi. Faili huharibika kwa sababu zinazoweza kujulikana, na nyingi kati ya sababu hizo zaweza kuzuiwa. Kwa hiyo kuhifadhi kusihesabiwe kuwa ni kubonyeza kitufe baada ya kazi kwisha. Ni sehemu ya kazi yenyewe, na hapana budi kufundishwe, kufanyiwe majaribio na kutolewe alama.

MCHORO HUKAA MAHALI PAWILI

Kompyuta ina kumbukumbu ya muda, ambayo hufanya kazi kwa kasi kubwa lakini hupoteza kila kitu umeme ukatikapo. Ina pia diski, ambayo huenda polepole zaidi lakini hutunza yaliyoandikwa hata mashine ikizimwa. Mchoro unaoonekana kwenye kioo umo katika kumbukumbu ya muda. Kuhifadhi maana yake ni kuugeuza mchoro huo kuwa mfululizo wa namba na kuuandika mfululizo huo diskini. Kazi hiyo huchukua muda, na ndani ya muda huo ndimo hatari ilimo.

Hesabu ndogo yaweza kuonyesha ukubwa wa jambo hili. Karatasi ya A3 ina milimita 297 kwa 420. Ikichorwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, kama wapiga chapa wapendavyo, picha yake huwa na nukta 3,508 kwa 4,961, yaani nukta 17,403,188. Kila nukta huhitaji baiti 4: moja ya rangi nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu, na moja ya kueleza kama nukta hiyo imeziba au yapitisha mwanga. Basi tabaka moja la mchoro ni karibu baiti milioni 70, na mchoro wenye matabaka 10 yaliyojaa ni karibu baiti milioni 700. Programu huzibana namba hizo ili zichukue nafasi ndogo, lakini kubana nako huhitaji muda na nafasi ya kufanyia kazi. Tuseme kwamba flashi fulani hupokea baiti milioni 10 kwa sekunde. Mchoro huo usiobanwa ungehitaji sekunde 70. Mwanafunzi aichomoaye flashi baada ya sekunde 20 ameondoka na chini ya theluthi moja ya kazi yake.

Hata kioo kikionyesha kwamba faili limekwisha kuandikwa, hilo halitoshi. Ili kuokoa muda, mfumo wa kompyuta huweza kuzipokea namba kwanza katika kumbukumbu ya muda, na kuzipeleka diskini baadaye kidogo. Ndiyo sababu ya kuwepo amri ya kuitoa flashi kwa usalama. Amri hiyo huilazimisha kompyuta kumaliza maandishi yaliyobaki kabla ya kutoa ruhusa. Anayeipuuza hushinda mara tisa, na mara ya kumi hupoteza.

Kuna pia tofauti katika namna programu zinavyoandika. Programu isiyo makini huandika faili jipya juu ya lile la zamani. Umeme ukikatika katikati, la zamani limekwisha kufutwa na jipya halijakamilika, na yote mawili yamepotea. Programu makini huandika faili jipya kando, huhakikisha kwamba limekamilika, ndipo hulipa jina la lile la zamani. Mwanafunzi hana haja ya kujua programu yake ni ya namna gani. Aweza kufuata busara hiyo hiyo kwa mkono wake mwenyewe, akihifadhi kila hatua kubwa kwa jina jipya: bango-01, bango-02, bango-03. Ajali ikitokea wakati wa kuandika la tatu, la pili lipo.

FAILI HUJUAJE KWAMBA LIMEHARIBIKA?

Wengi hudhani kwamba kompyuta hutambua faili bovu kwa namna ya ajabu. Kwa hakika ni hesabu tu. Mfano mzuri ni faili la picha la aina ya PNG, ambalo kanuni zake zilitangazwa mwaka 1996. Kila faili la aina hiyo huanza kwa baiti 8 zisizobadilika: 137, 80, 78, 71, 13, 10, 26, 10. Namba 80, 78 na 71 ni herufi P, N na G. Nyingine hazikuchaguliwa ovyo. Namba 13 na 10 ni alama za mwisho wa mstari wa maandishi. Ikiwa chombo fulani kimelihamisha faili kwa kulidhania kuwa ni barua na kuzigeuza alama hizo, programu itaona mara moja kwamba kichwa cha faili si kile kilichotarajiwa.

Baada ya kichwa hicho, faili hugawanywa katika vipande. Kila kipande hutangaza urefu wake na jina lake, huleta habari zake, na mwisho huweka namba ya ukaguzi iliyopatikana kwa kukokotoa jina na habari hizo. Programu inayofungua picha hurudia hesabu ile ile. Jibu likitofautiana, kipande hicho kimeguswa. Kipande cha mwisho huitwa IEND na hakina habari yoyote. Kazi yake ni kusema kwamba faili limefika mwisho. Faili lisilo na kipande hicho lilikatwa kabla ya kukamilika.

Mwalimu aweza kuonyesha kanuni hiyo ubaoni bila kompyuta. Achukue namba 12, 45, 7 na 30, ambazo jumla yake ni 94, na aiandike jumla hiyo pembeni. Mwanafunzi mmoja akizinakili vibaya na kuandika 54 badala ya 45, jumla itakuwa 103, na kosa limefichuka. Kisha awaulize wanafunzi: ikiwa 12 na 45 zimebadilishana nafasi, je, jumla italitambua kosa hilo? Haitalitambua. Hapo ndipo wataelewa kwa nini wataalamu hawakuridhika na kujumlisha tu, wakatafuta hesabu inayojali pia mpangilio wa namba. Somo hilo ni hisabati halisi, na lina faida inayoonekana.

SI KILA FAILI LINALOKATAA LIMEHARIBIKA

Kabla ya kutangaza msiba yafaa kuuliza kama kuna maiti. Matatizo mengi yaitwayo uharibifu si uharibifu kabisa.

Mathalani, programu za kupanga kurasa mara nyingi haziweki picha zenyewe ndani ya faili. Huweka anwani ya mahali picha zilipo. Mwanafunzi akilipeleka faili kwa mpiga chapa bila kuzipeleka picha, penye picha pataonekana patupu au pameparaganyika. Faili ni zima. Picha zilibaki nyumbani. Ndivyo ilivyo pia kwa aina za herufi zisizokuwemo katika kompyuta ya pili, na kwa faili lililotengenezwa na toleo jipya la programu likafunguliwa kwa toleo la zamani.

Kosa jingine ni kuchanganya kuhifadhi kazi na kutoa picha ya kazi. Programu ya GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilitenganisha mambo hayo waziwazi katika toleo lake la 2.8 la mwaka 2012. Amri ya kuhifadhi huandika faili la aina ya XCF, lenye matabaka yote; anayetaka JPEG au PNG hutumia amri tofauti. Wapo waliolalamika kwamba hatua imeongezwa bure. Lakini uamuzi ule ulikuwa wa haki. Picha ya JPEG ni kama chakula kilichokwisha kupikwa: chaweza kuliwa, lakini vitunguu haviwezi kurudishwa kikapuni. Mwanafunzi aliyetoa JPEG na kufunga programu bila kuhifadhi matabaka hakuharibikiwa na faili. Alikitupa kiini cha kazi akabaki na ganda.

Tena kuna mipaka ambayo programu na diski huwekewa. Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haiwezi kupokea faili moja lenye baiti 4,294,967,296 au zaidi, hata kama nafasi iliyobaki ni kubwa mara kumi. Faili la kawaida la Photoshop, programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1990, halivuki gigabaiti 2 wala nukta 30,000 kwa upande. Mchoro mkubwa zaidi huhitaji faili la aina nyingine. Mipaka hiyo haina siri wala mkosi. Huwasumbua wale tu ambao hawakuambiwa.

UCHUNGUZI KWA UTARATIBU

Katika maabara ya kemia mwanafunzi hukatazwa kubadili mambo mawili kwa wakati mmoja, kwa kuwa hatajua ni lipi lililoleta matokeo. Sheria hiyo hiyo yafaa kutumika mbele ya faili lililokataa. Mwenye hofu hubonyeza kila kitufe, huzima mashine, hufuta na kuhifadhi tena juu ya faili lile lile, na kwa mikono yake huliua faili ambalo labda lingepona.

Ikiwa programu ingali wazi na imekataa kuhifadhi, isifungwe. Kazi bado imo katika kumbukumbu ya muda. Jambo la kwanza ni kujaribu kuihifadhi kwa jina jingine fupi, mahali pengine: diski ya kompyuta badala ya flashi, au folda nyingine. Ikikubali, kosa liko mahali pa kwanza, wala si katika mchoro. Ikikataa tena, itazamwe nafasi iliyobaki diskini, kwa sababu programu za picha hutumia diski hata kwa kazi za muda, na diski iliyojaa huzuia mengi. Kisha iangaliwe kama mtumiaji ana ruhusa ya kuandika katika folda ile.

Ikiwa faili limekwisha kufungwa na halifunguki tena, lisiguswe. Linakiliwe, na majaribio yote yafanywe juu ya nakala. Utazamwe ukubwa wake: faili lenye baiti 0 halina cha kuokolewa ndani yake, na nguvu zielekezwe katika kutafuta nakala ya zamani au faili la muda ambalo programu huenda imeliacha. Faili lenye ukubwa wa kawaida lijaribiwe kwa programu nyingine na kwa kompyuta nyingine, jambo moja kwa wakati mmoja, na kila jibu liandikwe.

Michoro ya mistari ya aina ya SVG, ambayo programu ya Inkscape huitumia, ina neema ya pekee. Faili lake ni maandishi matupu. Likiwa halijabanwa, laweza kufunguliwa kwa programu ya kawaida ya kuandikia maandishi na kusomwa na binadamu. Likiwa limekatika mwishoni, mwanafunzi mwenye subira aweza kuona alama ya kufungia iliyokosekana, akaiandika, na mchoro ukarudi. Hakuna somo bora zaidi la kumwonyesha kijana kwamba ndani ya faili hamna mazingaombwe.

FUNZO LA MWAKA 1998

Asije mtu akadhani kwamba makosa haya ni ya wanafunzi na mashine duni. Mwaka 1998, huko California nchini Marekani, studio ya Pixar ilikuwa ikitengeneza filamu ya michoro iitwayo Toy Story 2. Amri ya kufuta mafaili ilitolewa mahali pasipofaa, na wafanyakazi wakaona sehemu za wahusika wa filamu zikitoweka mbele ya macho yao. Sehemu kubwa sana ya kazi ilifutika. Walipokwenda kwenye nakala za akiba wakagundua jambo baya zaidi: mfumo wa nakala haukuwa ukifanya kazi sawasawa, na hakuna aliyekuwa amejua.

Kilichowaokoa ni kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa ufundi wa filamu hiyo. Alikuwa amejifungua, na ili aweze kufanya kazi akiwa na mtoto, alikuwa na nakala ya filamu nyumbani. Kompyuta hiyo ilirudishwa studio kwa gari, ikiwa imefungwa katika mablanketi kama mgonjwa.

Watu husimulia kisa hiki kwa kicheko, wakisifu bahati. Lakini funzo lake si bahati. Studio tajiri, yenye wataalamu na mitambo ya thamani, ilikuwa na nakala ambazo hazikujaribiwa. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Na nakala iliyofaa ni ile iliyokuwa katika nyumba nyingine. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, baadaye aliieneza kanuni iliyo rahisi kukumbuka: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mahali pengine.

HOJA ZA WAPINZANI

Wapo watakaosema kwamba programu za kisasa hujihifadhi zenyewe. Ni kweli kwamba nyingi huandika nakala ya dharura kila baada ya dakika kadhaa. Lakini nakala hiyo hukinga dhidi ya programu kujifunga ghafla. Haikingi dhidi ya diski kufa, flashi kupotea, au mwenye kazi kufuta kwa mkono wake.

Wengine watasema kwamba faili likiwekwa kwenye intaneti limesalimika. Hilo ni kweli nusu. Huduma inayolinganisha mafaili ya kompyuta mbili hulinganisha pia makosa: faili likiharibika upande mmoja, uharibifu huo husafirishwa upande wa pili kwa uaminifu mkubwa. Huduma inayotunza matoleo ya zamani ni msaada mwema, lakini ni lazima mtumiaji ajue huyatunza kwa siku ngapi.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya mwalimu mwenye kompyuta chache na umeme wa kusitasita: atapata wapi muda wa mambo haya? Jibu ni kwamba mwalimu huyo ndiye anayeyahitaji kuliko wote. Penye kompyuta moja kwa wanafunzi wengi, saa moja ya kazi iliyopotea hairudishwi kwa urahisi, kwa maana zamu imekwisha kumfikia mwingine. Kuandika jina jipya la faili hakugharimu hata senti. Kungoja flashi imalize kazi yake hakuhitaji fundi kutoka mjini.

WAJIBU WA SHULE

Mambo matatu yaweza kuanza bila kungoja mtaala mpya. La kwanza ni daftari. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwanafunzi aandike katika daftari la kawaida tarehe, jina la faili, ukubwa wake kwa baiti, na mahali nakala zilipo. Ukubwa ukishuka ghafla kutoka baiti milioni 40 hadi elfu 12, daftari litasema kabla ya siku ya mtihani.

La pili ni jaribio la makusudi. Wanafunzi wachukue nakala za picha ndogo za aina ya PNG, JPEG na SVG, wazikate mwisho au wabadili baiti moja katikati, kisha waone kila aina inavyojibu. Aliyekwisha kuharibu faili kwa mkono wake na kuandika matokeo hataamini tena habari za mkosi.

La tatu ni alama. Siku ya kukusanya kazi, mwalimu asilipokee faili kutoka katika kompyuta lilikotengenezwa. Amtake mwanafunzi alete nakala ya pili na kuifungua kwenye mashine nyingine mbele ya wenzake. Ikifunguka na matabaka yake yote, apewe alama zake. Isipofunguka, asifukuzwe, bali apewe nafasi ya kuchunguza na kuandika chanzo cha kosa. Uchunguzi huo nao ni kazi yenye thamani.

Vijana hawa ndio watakaochora kesho ramani za mashamba, vielelezo vya vitabu vya kiada na mabango ya afya ya kijiji. Kazi hizo hazitakuwa zao peke yao. Mkunga atakayesubiri bango, na mwanafunzi atakayesubiri kitabu, hawatajali mchoro ulikuwa mzuri kiasi gani kwenye kioo usiku ule kabla ya umeme kukatika. Watauliza tu kama upo.